Maboga Sitini na Manne

Usufi wa kujazia mito ni kitu chepesi mno. Jaza kanda zima mpaka mdomoni, mtwike mtoto wa miaka sita, ataondoka nalo mbio huku akipiga mluzi. Ndiyo maana wahenga walipotaka kueleza namna binadamu anavyoutazama mzigo ulio kichwani pa mwenziwe, hawakutafuta mbali. Walimwona mwenye mzigo, shingo imezama mabegani, magoti yanagongana, jasho limeziba macho. Wakamwona na mtazamaji, mikono mfukoni, akisema, “Huyu naye anajikongoja nini? Si usufi tu ule!” Wakatikisa vichwa, wakatuachia methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu wa jiko moja walikuwa wakiijua methali hiyo tangu wana meno ya utoto, na haikuwafaa kitu mpaka walipoletewa maboga.

Jiko lenyewe lilikuwa la mabweni ya chuo cha ufundi, na mpishi wake mkuu aliitwa Bi Upawa. Huo ukuu ulikuwa wa kwenye karatasi tu, kwani mpishi mdogo hakuwapo. Aliyekuwapo aliacha kazi miezi saba iliyopita, na nafasi yake ikajazwa na ahadi. Bi Upawa peke yake aliwalisha watu mia moja na themanini, asubuhi, mchana na jioni. Kila ikifika adhuhuri miguu yake ilivimba hadi viatu vikamkana, naye akaendelea na kazi kwa ndara za plastiki. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili, kisha ukamwona anatundika nguo zake kabatini.

Alikuwa na jambo moja tu lililomsukuma kuamka. Binti yake, aliyeishi mji wa mbali, safari ya saa saba kwa basi, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki kumi na moja zilizopita, na bibi mtu hakuwa amemtia mjukuu machoni. Aliomba ruhusa ya siku nne kuanzia Jumamosi. Watu wote walidhani ana hamu ya mjukuu, na ni kweli alikuwa nayo. Lakini kuna siri ambayo hakumwambia mtu: alipokuwa akikoroga sufuria alfajiri, hakuiona sura ya mtoto. Alikiona kiti cha basi, cha dirishani, yeye amekikalia kwa saa saba mfululizo na hakuna mja hata mmoja anayemwita jina.

Msimamizi wa mabweni alikubali. Huyu wanafunzi walimbandika jina la Hakuna-Kutupa, kwa sababu ya kibao alichokipigilia juu ya pipa la taka. Alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, ila akiona kitu cha bure macho yake yalikuwa hayaoni kingine. Jumatatu ile asubuhi akaingia jikoni anameremeta kama sinia jipya.

“Bi Upawa, njoo uone neema!”

Nje kulisimama lori. Kulikuwa na maonyesho ya mbegu kwenye uwanja wa michezo, na wenye mbegu walikuwa wamepanga maboga yao mfano wa mlima kwa wiki tatu nzima, yakipigwa jua na kuguswa guswa na kila apitaye. Maonyesho yalipokwisha hawakujua wayapeleke wapi. Hakuna-Kutupa akajua. Yalikuwa sitini na manne. Mengine yalitoshana na kichwa cha mtu, mengine na mtu mwenyewe akiwa amechuchumaa. Lilikuwapo moja ambalo mlinzi wa lango alilikalia siku mbili nzima akidhani ameletewa kigoda.

“Neema hii imekuja na mkono wa kuikata?” Bi Upawa aliuliza.

“Boga halina mfupa, mama. Halina magamba, halina manyoya. Unakata, unachemsha, basi. Hii ni kazi ya kuimba!”

“Basi nipe mtu mmoja wa kuimba naye.”

“Mtu wa nini tena? Maboga tu haya!” Msimamizi akalipapasa moja kwa upendo, kidole kikazama kidogo kwenye ubavu. Akakichomoa, akakifuta kwa leso. “Ila yamekwisha kukaa. Hayafiki wiki ijayo. Sikiliza: Ijumaa jioni nikute stoo nyeupe. Yakiisha, Jumamosi asubuhi wewe uko ndani ya basi. Yasipoisha, nitakuruhusuje? Nikiacha chakula kioze eti mpishi kaenda kubeba mjukuu, nitaelewekaje?”

Bi Upawa akayatazama yale maboga, nayo yakamtazama. Akajikaza kisabuni, akaenda kunoa kisu.

Wanaosema boga halina mfupa hawajawahi kulikata boga lililokaa. Ganda lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Kisu kiliteleza, na kikishika kilishika moja kwa moja kisitoke. Baada ya maboga matatu ya kwanza mpishi aligundua njia yake: alilinyanyua boga hadi kifuani, akaliachia kwenye sakafu ya saruji, puu! likapasuka lenyewe. Mwalimu wa ghorofani alitoa darasa zima nje mara mbili akisema ni tetemeko. Kisha ndipo kazi ilipoanza: kuzoa nyuzi na mbegu kwa mkono, kuondoa palipooza, kumenya, kukata vipande, kutia sufuriani, kukoroga, kuponda. Na huku unaponda la kwanza, la nne linakungoja sakafuni limejilaza kama mlevi.

Asubuhi akapika uji wa boga. Mchana supu ya boga. Jioni boga la kupondwa. Alilichanganya kwenye unga wa mkate, akalificha kwenye maharage, akakaanga mbegu zake. Jumanne wanafunzi walicheka, Jumatano wakaacha kucheka.

“Bi Upawa, leo tunakula nini?” mmoja aliuliza dirishani pa kupakulia.

“Chakula.”

“Jina lake?”

“Ukilijua utashiba?”

“Mimi jana nimeota nina kikonyo kichwani,” mwingine akadakia nyuma yake. “Mama yangu akaja kunitembelea, akanipiga pigapiga tumboni asikie kama nimeiva.”

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye Bi Upawa akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, kwani upande wa pili ulikuwa umechoka.

Sasa ndipo anapoingia mtu wa pili. Masufuria ya jiko lile yalioshwa na shemeji yake Bi Upawa, mume wa mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi masikioni aliyeitwa Fundi Saa. Zamani alikuwa fundi wa saa za mkononi, tena fundi hasa, mwenye vidole vya kuweza kumvika sisimizi viatu. Lakini dunia iliacha kuvaa saa, ikawa inatazama simu, na Fundi akabaki na meza, miwani ya ukuzaji, na mteja mmoja mmoja wa kubahatisha. Bi Upawa ndiye aliyemtafutia kazi ya masufuria. Alianza kazi kila siku saa nane mchana. Karo ya kuoshea ilikuwa imejengwa chini mno, labda na mwashi mfupi au mwashi mwenye haraka, kwa hiyo Fundi alikunja gunia, akapiga magoti juu yake, akainama ndani ya masufuria mpaka mtu akaona mgongo tu.

“Shemeji, unaniombea?” Bi Upawa humtania akipita.

“Nayaombea masufuria. Wewe huombeki tena.”

Ndivyo walivyoishi, kwa utani wa shemeji na shemeji. Lakini boga lina sukari yake, nayo sukari haina utani na moto. Uji wa boga usipokorogwa bila kupumzika hushika chini ukafanya ukoko, na mpishi aliye peke yake hawezi kukoroga sufuria huku akipasua boga sakafuni. Masufuria ya asubuhi yalipakuliwa saa moja, yakaachwa pembeni makavu, yakamngoja Fundi hadi saa nane. Katika saa hizo saba ukoko uligeuka kuwa kitu ambacho mwashi angefurahi kukipaka kwenye msingi wa nyumba.

Jumatatu Fundi alisema, “Shemeji, ukishapakua nimwagie maji humo ndani. Kopo moja tu, yalainike.”

“Haya.”

Jumanne akasema tena. “Shemeji, lile kopo.”

“Nilisahau, shemeji. Leo sina kichwa.”

Jumatano Fundi hakusema. Alileta kopo mwenyewe, akaliweka juu ya meza kando ya mwiko, mahali ambapo kipofu angeligusa. Bi Upawa akatia humo mbegu za boga.

Tusimwonee. Hakuwa na roho mbaya. Kila alipomaliza kupakua alikuwa hoi bin taabani, na kati yake na bomba la maji palikuwa na hatua tisa. Hatua tisa kwenda, tisa kurudi, mara masufuria tisa: kwa miguu ile ilikuwa safari ya kwenda kuhiji. Akajiambia, sufuria ni sufuria, litaoshwa tu. Si ndiyo kazi yake?

Alhamisi alasiri maboga hamsini yalikuwa yameliwa, yakabaki kumi na manne. Bi Upawa akaona basi linakaribia. Alikuwa akiburuta boga kutoka stoo aliposikia sauti karoni, ya chini, ya mtu aliyeipima kabla ya kuitoa.

“Shemeji, tangu Jumatatu nakuomba kopo la maji.”

Pengine siku nyingine angesema samahani. Siku hiyo mgongo ulikuwa unamwaka, mkono wa kulia hauhisi vidole, na boga lilikuwa limemteleza likamwangukia dole gumba la mguu.

“Kopo! Kopo! Mimi nabeba maboga yenye uzito wa watoto wa shule! Napasua, namenya, napika, naponda, nalisha watu mia na themanini, na wewe umepiga magoti kwenye gunia lako unacheza na povu! Masufuria tu, shemeji, masufuria! Kazi ya kuimba hiyo!”

Maneno yale yalipomtoka yaliacha ladha fulani mdomoni, kama chakula cha jana kilichopashwa moto. Aliwahi kuyasikia mahali. Lakini alikuwa amechoka mno kujiuliza ni wapi.

Fundi Saa alitoa kichwa sufuriani. Alikamua kitambaa, akakitandaza ukingoni mwa karo, akakinyoosha pembe zote nne kama anayetandika kitanda cha mgeni. Akainuka kwa vituo, goti moja, kisha la pili, kisha kiuno.

“Haya, shemeji,” alisema. “Uimbe basi.”

Akaondoka. Na kesho yake saa nane hakuja. Saa nane na nusu hakuja. Saa tisa Bi Upawa akatoka hadi langoni, akamwona mlinzi na barabara, basi.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo alikuwa amemaliza maboga manane kwa masufuria ya mwisho yaliyokuwa safi. Yalibaki sita. Maboga sita, chakula cha jioni kimoja, na alfajiri basi! Lakini hakukuwa na chombo. Masufuria tisa yalikuwa yamejipanga ukutani, kila moja na ukoko wake mweusi chini na wa rangi ya machungwa ubavuni, mkavu, unang'aa. Akasema moyoni, nitayaosha upesi upesi. Akalikunja gunia. Akapiga magoti.

Dakika tano za kwanza alikwangua kwa kijiko, kijiko kikapinda. Akachukua waya wa kusugulia. Ukoko haukutikisika, waya ukaanza kumomonyoka na kumchoma chini ya kucha. Akatia sabuni kali ya unga, ile inayokula grisi. Haikuula ukoko, ikaila ngozi. Akamwaga maji ya moto, akaegemea asubiri yalainike, akakumbuka kwamba hayo yanataka saa nzima na yeye hana. Basi akainama tena. Kichwa kilikuwa ndani ya sufuria. Pumzi zake zilimrudia usoni zikinuka boga lililoungua. Alipotaka kujinyoosha mgongo ulikataa kata kata, ikabidi aishike karo kwa mikono miwili na kujivuta juu kama ndoo kisimani. Alitazama saa ya ukutani. Sufuria moja lilikuwa limemla dakika hamsini. Na yalikuwa yamebaki manane. Na Fundi Saa aliosha tisa kila siku ya Mungu, wiki nzima, magotini, kwa sababu ya hatua tisa za mtu mwingine.

Alikaa chini sakafuni, ndara moja imetoka, akainamisha kichwa. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Jioni watu walikula kwa zamu, kwa sufuria moja lililopikwa mara nyingi. Wali na maharage tu, boga halikuwamo. Hakuna-Kutupa alipokuja na tochi yake kukagua stoo, aliyahesabu kwa kidole.

“Bado sita, Bi Upawa.”

“Nayaona.”

“Masharti ni masharti. Lakini mimi si jiwe. Nakupa mpaka kesho saa nne asubuhi. Kuna basi la saa tano. Yapike kwa kifungua kinywa, uende zako.”

Hesabu ilikuwa nyepesi. Muoshaji akirudi alfajiri, maboga yataisha. Asiporudi hayataisha. Kwa hiyo, giza likiwa limeingia, Bi Upawa aliburuta miguu yake hadi nyumbani kwa mdogo wake, akiwa ameshapanga maneno yote njiani. Atampaka mafuta, atamtania kidogo, atamkumbusha ni nani aliyemtafutia kazi.

Mdogo wake alifungua mlango, akamtazama juu hadi chini.

“Dada, umekuja kumchukua?”

“Nimekuja kuwajulia hali.”

“Hali ndiyo ile pale.”

Fundi Saa alikuwa ameketi mezani chini ya taa, miwani ya ukuzaji kwenye jicho, saa ya mtu imefunguliwa juu ya kitambaa cheupe. Alishika kibanio, na kwenye ncha ya kibanio palikuwa na skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Mikono yake ilikuwa imepakwa mafuta. Vidole vilikuwa vimepasuka pasuka kwenye viungo vyote kama matope ya bwawa lililokauka, na ncha zake mbili zimefungwa kitambaa. Aliisogeza skrubu. Vidole vikakataa kubana, ikaanguka. Akaitafuta, akaiokota, akaisogeza tena. Ikaanguka tena.

“Tangu Jumanne namfunga vifungo vya shati,” mdogo mtu alisema taratibu. “Na wewe ukimwuliza anasema ni sabuni tu.”

Maneno yote aliyoyapanga Bi Upawa yakamwisha. Alivuta kiti, akakaa mbele ya shemeji yake, akaweka mikono yake mwenyewe mezani. Ilikuwa imekatika chini ya kucha, myekundu, imevimba.

“Shemeji, jana nilikuambia neno.”

“Uliniambia ni kazi ya kuimba.”

“Leo nimeimba.”

Fundi Saa akaitoa miwani. Aliitazama ile mikono kwa muda, kwa jicho lile lile analotazamia saa mbovu. “Umeimba masufuria mangapi?”

“Moja. La pili nusu.”

“Sauti huna, lakini umejitahidi,” alisema, na mke wake akacheka, na Bi Upawa akacheka.

“Nisamehe, shemeji. Niliambiwa mzigo wangu ni mwepesi, nikaumia. Halafu nikageuka nikakuambia hivyo hivyo.”

“Yamekwisha.” Akasukuma kopo la mafuta kuelekea kwake. “Paka. Usiku itauma zaidi.” Kisha akauliza, “Na maboga?”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu, na yule mtu angeamka alfajiri, kwa maana hivyo ndivyo alivyokuwa. Bi Upawa alikiona kiti cha dirishani, akakiona kinaondoka kitupu.

“Maboga ni yangu,” alijibu. “Wewe kaa mpaka mikono ipone.”

Jumamosi alianza kabla jua halijachomoza, akaosha sufuria la pili hadi la nne, akapika uji wa kawaida. Saa mbili Hakuna-Kutupa akaingia.

“Maboga sita bado yako vile vile,” Bi Upawa alimwambia kabla hajauliza. “Siendi safari, sawa. Lakini leo sipasui boga. Muosha masufuria mikono imemharibika, masufuria ninaosha mimi, na mimi nina mikono miwili tu.”

“Kwa maboga sita!” Msimamizi aliduwaa. “Jamani, nyinyi watu mnapenda kutia chumvi. Lete kisu. Lete nikuonyeshe. Nusu saa, na basi utaliwahi.”

Akakunja mikono ya shati. Akachagua lile kubwa, la mlinzi, kwa kuwa mtu akitaka kuonyesha huonyesha kwa kubwa. Akalipiga kisu. Kisu kikaingia vidole vinne, kikagoma. Akavuta, boga likaja na kisu. Akalibamiza mezani, meza ikalia, boga likanyamaza. Akapanda juu ya kiti apate nguvu, akalikandamiza kwa tumbo, na hapo likamponyoka. Likadunda sakafuni, likapita mlangoni kisu kikiwa kimesimama mgongoni kama mpanda farasi, likashuka ngazi zote saba, likakata uwanja katikati ya wanafunzi waliokuwa wakipiga mswaki. Msimamizi nyuma yake, tai begani, akipiga kelele, “Lishikeni! Lishikeni!” Wasimulizi wa baadaye walisema lilifika hadi barabara kuu likampita mwendesha baiskeli. Hilo ni la kutia chumvi. Liliishia kwenye ukuta wa lango, zima, bila ufa.

Alirudi nalo kifuani baada ya kitambo kirefu, jasho likimtiririka, lengelenge mbichi katikati ya kiganja. Akalitua. Akalikalia. Akahema mpaka pumzi zikarudi nyumbani.

“Bi Upawa,” alisema kwa sauti ya chini. “Hamsini na manane umeyapasua kwa mkono gani?”

“Huu huu.”

Akakitazama kile kiganja chake. Kisha akatoa simu, akampigia mfugaji wa ng'ombe aliyeishi nyuma ya chuo. Haikupita robo saa, toroli likaja, maboga sita yakapakiwa, yakaenda kuliwa na wasiohitaji yamenywe. Bi Upawa aliliangalia toroli lile likikata kona. Kumbe lingeweza kuitwa Jumatatu. Alitaka kukasirika, lakini hakupata pa kuanzia.

“Nenda,” msimamizi alisema. “Siku nne zako ni zako. Nitatafuta watu wa kushika jiko. Wawili,” akaongeza, akikifikicha kiganja.

“Na muoshaji apumzike mpaka apone. Na ile karo iinuliwe.”

“Karo? Karo nayo ina nini, si karo tu...” Akakatiza. Akaifuata hadi pembeni, akainama, akajishika kiuno. “Itainuliwa,” alisema.

Kiti cha dirishani alikipata. Lakini abiria wa kando yake alikuwa na goti bovu, na goti lile lilikuwa na historia ndefu, ilichukua saa zote saba na haikwisha. Bi Upawa alipotaka kusinzia alikuwa anaguswa begani: “Sasa sikiliza daktari wa tatu alivyoniambia.” Akasikiliza. Alishuka saa kumi na mbili jioni, amechoka kuliko alivyopanda, miguu imejaa ndani ya viatu kama unga ulioumuka, mfuko begani, na wazo moja tu kichwani: kitanda.

Binti yake alifungua mlango. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja, kanga imegeuzwa nje ndani, mtoto begani anapiga yowe kama king'ora. Hakumkumbatia mama yake, hakumpokea mfuko.

“Mama,” alisema, “nimechoka.”

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limepanga foleni nyuma ya meno, limekamilika, lina hata kiitikio: Umechoka na nini, mwanangu? Mtoto mmoja tu huyo! Mimi nililea wanne, na kazi, na miguu hii, wewe umekaa nyumbani... Bi Upawa akafungua kinywa. Akahisi ladha ile ya chakula cha jana. Akafunga kinywa, akameza.

“Hujalala tangu lini?” akauliza.

“Sijui, mama. Leo siku gani?”

“Jumamosi.”

“Basi sijui.”

“Mlete.”

Akampokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, mzito na moto, na alijipinda kwa nguvu zake zote. Binti alisimama kidogo, mikono mitupu imening'inia, kama asiyejua mikono hutumika vipi bila mtoto. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kile kile ambacho bibi mtu alikiota njia nzima, akaegemea, na kabla kichwa hakijagusa mto alikuwa ameshazama usingizini, ndara moja mguuni.

Bi Upawa hakuvua viatu, maana kuviinamia angemwangusha mjukuu. Hakuutua mfuko. Alianza kutembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, akimpapasa mtoto mgongoni, akiimba kwa sauti isiyo na sauti. Mtoto alilia, akapunguza, akalia tena. Wiki kumi na moja, usiku na mchana, na yeye kwa simu alikuwa akisema, “Mlee tu, mtoto mmoja ana kazi gani?” Raundi ya ishirini magoti yalianza kugongana, ya thelathini jasho likamwingia machoni, naye akasadiki kwamba wahenga hawakukosea hata herufi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.